Jiwe la Saba

Baba yangu ndiye aliyenifundisha kusikia kwa miguu. Nianze na hilo, maana watu wa Bugarama wakimtaja leo wanataja mambo mengine kabisa: sauti yake ya adhana, kanzu zake nyeupe katika uwanda ule wa vumbi, na jinsi alivyomshika mkono jirani yetu kipofu kumpeleka msikitini, swala kwa swala, miaka na miaka. Wanatikisa vichwa. "Yule mzee! Mungu amurehemu." Mimi nikiwa karibu nanyamaza, na anayenijua anajua kwamba kunyamaza si kazi yangu.

Papa alikuwa mlipuaji wa mawe. Si katika machimbo ya saruji, wale walikuwa na watu wao. Yeye alifanya kazi na kampuni ndogo ya barabara iliyokuwa ikipasua mwamba upande wa kupandia Gikundamvura ili kupata kokoto. Alikuwa na kadi ya serikali, yenye picha na muhuri, ya kumruhusu kushika baruti. Kadi hiyo aliivaa shingoni ndani ya kimfuko cha plastiki hata siku za mapumziko. Nyumba yetu ilikuwa na watoto wengi, na sote tulikula kutoka kwenye kadi hiyo.

Baada ya vita vya kwetu, watu wa kazi walikuwa wamepungua. Wengine walikufa, wengine walivuka mto kwenda Kongo wakabaki huko, wengine walikuwa gerezani. Mtunza ghala wa kampuni alikuwa mmoja wa wale wasiorudi. Papa akamwambia shefu, mkubwa wa machimbo, "Niko na binti. Amesoma hadi mwaka wa tatu wa sekondari, anaandika vizuri, tena hana muchezo." Ndivyo nilivyoingia kwenye baruti, kitambaa kichwani, msichana ambaye mama yake alikuwa bado anamgombeza kwa kuunguza maharage.

Niliipenda kazi ile. Wallahi, niliipenda kupita kiasi.

Ghala lilikuwa vijumba viwili vya matofali. Kimoja cha baruti, kingine cha detonatere, yaani vile vidude vidogo kama kidole ambavyo ndivyo huiamsha baruti ilipolala. Katikati yake palikuwa na tuta la udongo refu kunishinda. Vitu hivyo viwili havilali nyumba moja, Papa alisema, hata mvua ikinyesha, hata mkubwa akikuamrisha, hata kwa muda wa kunywa maji. Kila mlango ulikuwa na kufuli mbili: ufunguo mmoja alikuwa nao Papa, wa pili alikuwa nao mwanajeshi wa zamu, ili muntu yeyote asiingie peke yake. Langoni palikuwa na debe. Kiberiti, sigara, tochi, redio, vyote vinabaki ndani ya debe. Viatu vyenye misumari pia vinabaki, na mimi viatu vyangu vilikuwa vya tairi, vimepigiliwa misumari chini, kwa hiyo kazi yote niliifanya pekupeku.

Boksi lililoingia mwanzo linatoka mwanzo. La zamani halisahauliwi nyuma likaanza kutoa jasho. Boksi haliburuzwi, linabebwa kama mtoto aliyelala. Linafunguliwa kwa kabari ya mti, si kwa chuma. Majani kuzunguka ghala yanafyekwa hata kama ni jana tu yalifyekwa. Asubuhi tunahesabu na mwanajeshi, tunatia sahihi. Jioni kilichobaki kinarudi, tunahesabu tena, tunatia sahihi tena, na kijiti kimoja cha baruti kikikosekana hakuna anayekwenda kwake. Harufu yake ilikuwa tamu tamu, inaumiza kichwa, nikirudi nyumbani nasikia mishipa inapiga ngoma juu ya macho. Mama alinifunga kichwa kwa kitambaa chenye maji na kulaani mawe yote ya dunia.

Jirani yetu yule, wakati huo bado anaona, alikuwa mtoboa mawe. Ndiye aliyeshika ile mashine nzito ya kutoboa matundu ambamo baruti huingizwa. Kwake kulikuwa nyuma ya ua wetu. Mama yake alikufa wakati wa vita, na tangu hapo alikula kwetu mara nyingi kuliko kwake, akamwita mama yangu Maman kama sisi. Alikuwa na mdomo yule! Akipita ghalani, au magazini kama alivyoliita, alipiga kelele kutoka nje ya uzio: "Dada wa magazini! Niletee kijiti kimoja nichemushie Maman chai!" Nami namjibu, "Chemusha kichwa chako, si kiko kitupu?" Anacheka mpaka anakohoa. Hakuwa kitu kwangu zaidi ya ndugu, na ndugu ni kitu kikubwa.

Sasa nieleze kuhesabu, kwa sababu yote yanatoka hapo.

Papa alikata tambi, zile kamba za kuwashia baruti, kwa urefu tofauti, makusudi, ili matundu yasilipuke pamoja bali moja baada ya jingine. Kama ni matundu saba, unapaswa kusikia milio saba. Ukisikia sita, tundu moja limegoma: baruti imo mle ndani, nzima, inasubiri mjinga. Ndiyo maana sheria ilitaka wahesabu wawili, kila mmoja mahali pake, asimwone mwenzake. Sisi tulitumia mawe. Unajaza vijiwe mfuko wa kushoto. Kila mlio, kijiwe kimoja kinahamia mkono wa kulia. Mwisho mnakutana, na kabla ya yeyote kufungua mdomo, kila mmoja anafungua kiganja. Mawe yakilingana na matundu, mlipuaji anaandika daftarini na kupuliza filimbi, watu wanashuka. Yasipolingana, hata kwa jiwe moja, hakuna filimbi. Njia inafungwa, hakuna anayeshuka mpaka kesho yake, na anayeshuka kwanza ni mlipuaji mwenyewe. Mhesabu wa pili alikuwa ametoweka pamoja na mtunza ghala. Nikawa mimi.

"Usihesabu kwa masikio peke yake," Papa aliniambia siku ya kwanza. Alivua kandambili zake akasimama karibu nami juu ya mwamba. "Baruti iliyo ndani ya jiwe inakuja chini kwanza, kisha hewani. Unyayo unajua mbele ya sikio." Ikalipuka, na kweli, nikaisikia kwenye visigino kabla haijanifikia kichwani. Nilicheka kwa furaha. Yeye pia alicheka, na nikaona jino lake la pembeni lililovunjika, ambalo hakulionyesha mara nyingi.

Kisha vita vikaanza ng'ambo.

Sisi wa uwanda ule, Kongo si nchi ya mbali. Unaiona. Ni mto tu katikati, na mashamba ya mpunga, na ng'ambo ya pili barabara yao inapanda milimani. Mizinga ilipoanza kulia upande wa Kamanyola, mwanzoni tulikimbiza watoto ndani. Baadaye tukazoea. Wanawake walisimama ndani ya mpunga, maji kwenye mashavu ya miguu, wanasikiliza kidogo, wanasema "leo wameamuka mapema," wanaendelea kupalilia. Hata Mama alikuwa anapepeta mchele huku mizinga inalia.

Mimi nilimwambia Papa kazini, "Papa, na kuhesabu je? Milio yao itaingia ndani ya milio yetu."

"Mimi na baruti tumezeeka pamoja," alisema. "Mzinga ni mzinga. Unadhani nitachanganya?"

Wakati ule kampuni ilikuwa imemletea mabuti mapya, yenye soli nene na chuma kwenye vidole. Yeye peke yake na shefu ndio waliopewa. Aliyapenda, jamani! Aliyafuta kwa kitambaa kila jioni, na machimboni hakuyavua tena isipokuwa kwa kuingia ghalani. Mimi nilibaki na nyayo zangu.

Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa Papa alikuwa na haraka zake, kwa sababu ndiye aliyetoa adhana msikitini kwetu, na kabla ya adhana anataka kuoga, kubadili nguo, kupaka mafuta. Malori yalikuwa yamepanga foleni yakisubiri kokoto. Matundu yalikuwa saba. Mizinga ya ng'ambo ilikuwa imeanza tangu asubuhi, si mfululizo, mmoja mmoja, kwa uvivu.

Nilisimama mahali pangu, kisigino juu ya mwamba. Moja, mbili, tatu, nne, zote zikapita miguuni kama kawaida. Halafu ukaja mlio mwingine, mkubwa, mzuri tu, ungedhani ni wetu, lakini chini hakukuwa na kitu. Mwamba ulikuwa kimya. Nikaacha jiwe langu mfukoni. Kisha tano. Kisha sita. Nikangoja mpaka moshi ukaanza kupanda. Basi.

Tulikutana penye njia. Nikafungua kiganja: mawe sita. Papa akafungua chake: saba.

"Ulisinzia," alisema.

"Sikusinzia. Ni sita, Papa. Ile moja ilikuwa ya ng'ambo. Haikupita miguuni."

"Miguu yako!" Alicheka kidogo, akatazama saa. Kisha akainama, akaokota kijiwe chini, akakiweka kiganjani mwangu pamoja na vile sita, akavifunga vidole vyangu kwa mkono wake, taratibu, kama anayempa mtoto peremende. "Saba," alisema. Akaandika. Akapuliza filimbi.

Mtu asiniambie sikusema. Nilisema. Nilimshika mkono wa shati, nikamwambia weye mwenyewe ulinifundisha, weye mwenyewe ulisema hata jiwe moja. Akaniondoa mkono kama anavyoondoa inzi na kupanda nyuma ya pikipiki iliyokuja kumchukua. Nikamtupia lile jiwe lake mgongoni. Likamkosa. Nikakimbia kwa shefu penye malori, nikamwambia ni sita, shefu, simamisha watu. Alinitazama kichwani mpaka miguuni, hasa miguuni. "Mwenye kadi ni baba yako au ni wewe?" akasema, akarudi kwenye malori yake. Nikageuka kukimbia chini mwenyewe. Mashine ilikuwa imewashwa tayari, inapiga kelele yake, na jirani yetu alinipungia mkono kutoka chini, meno nje, akidhani nimekuja kumtania.

Mlio huo wa saba ulipita miguuni mwangu vizuri sana.

Baadaye watu waliniambia kwamba mlio ule ulifika mpaka msikitini. Waliusikia wote, wakasema ni wale wa ng'ambo. Papa alikuwa amesimama mbele, anajiandaa kutoa adhana, na hakugeuza hata kichwa.

Jirani yetu hakufa. Walimpakia juu ya lori la kokoto, wakampandisha hospitali, kule juu Gihundwe, na mimi nilikaa naye kule nyuma njia nzima nikimshikilia kichwa kisigonge chuma. Hakuwa analia. Aliuliza tu, mara kwa mara, kwa nini kumekuwa giza mapema. Madaktari walifanya waliloweza. Macho hayakurudi.

Kisha wakaja watu wa serikali kuuliza. Walikuwa watatu, na mmoja alikuwa ametoka mbali maana viatu vyake vilikuwa bado safi. Tuliitwa ofisini, chini ya bati la moto. Kabla ya kutoka nyumbani Mama alinipa kitenge chake kizuri, cha sikukuu. "Ujibu kwa adabu," aliniambia. "Usipandishe sauti." Alinifunga yeye mwenyewe, akanyoosha mikunjo kwa viganja, na hakunitazama usoni. Mimi, mjinga, nilidhani ni huruma.

Papa aliitwa kwanza. Alisimama, mikono mbele, kadi shingoni. Akasema:

"Mimi nilihesabu sita. Binti yangu alikuwa na saba. Nikamuambia, mwanangu, moja ilikuwa ya ng'ambo, haikupita miguuni. Akakataa. Ana masikio ya kijana, mimi ni muzee. Nikamuamini."

Hata ile habari ya miguu akaichukua. Alinivua maneno yangu mdomoni moja moja, akayavaa, na yakamkaa vizuri kuliko mimi.

Niliruka. "Papa!" Hakugeuka. Nikawaambia ni uongo, ni kinyume, yeye alikuwa na mabuti na mimi nilikuwa pekupeku, hata waulize wanajeshi wa ghala kama nilikuwa na viatu. Yule mwenye viatu safi akatabasamu na kuniambia nikae, nitapata zamu yangu. Zamu yangu ilipofika hawakuniuliza nilihesabu ngapi. Waliniuliza kama nina kadi. Hapana. Kama sheria inaruhusu asiye na kadi kuhesabu. Hapana. Daftari liliandikwa saba kwa mkono wa Papa, naye akasema aliandika nilichomwambia. Shefu akaulizwa kama nilimjia penye malori. Akafikiri kidogo, akasema kulikuwa na kelele nyingi siku ile, hakumbuki. Ghala langu lilikaguliwa pia, na halikuwa na kosa hata moja, wakalisema hilo kwa sauti, halafu wakanifukuza kazi. Papa akapewa onyo. Kadi alibaki nayo.

Nilimngoja nje. "Papa, kwa nini?"

Alikuwa amechoka. Sikatai, uso wake ulikuwa umeanguka. "Weye utaolewa," alisema. "Mimi kadi ikienda, hawa batoto bengine batakula nini?"

"Na mimi?"

"Weye uko na nguvu," alisema, akaanza kutembea.

Nyumbani nikamkuta Mama anachagua mchele kwenye ungo. Nikamuuliza kama alijua. Vidole vyake havikusimama, vilitoa kokoto moja, vikatoa nyingine. "Nilijua. Tulizungumza, mimi na baba yako. Ningefanyaje, mwanangu? Nyumba ina bantu bengi. Weye ni mumoja."

Nilivua kitenge chake cha sikukuu palepale mbele ya jiko, nikakiacha chini.

Watoto wa mtaani ni mashetani. Baada ya wiki hiyo nikipita walipiga kelele, "Saba! Saba!" na kukimbia. Nikienda kununua nyanya tatu, mwuzaji anauliza, "Una hakika si nane?" na wenzake wanacheka. Wengine hawakucheka, na hao walikuwa wabaya zaidi. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa ananisalimu tangu nimezaliwa. Alianza kuvuta khanga yake usoni nikikaribia. Nikapanda Kamembe kwa shangazi yangu. Nikaanza biashara ya kuvuka daraja la mpakani, Rusizi ya kwanza, kwenda Bukavu, nyanya na mchele kwenda, vitenge na sabuni kurudi, katikati ya wabebaji na wanajeshi na kelele za forodha. Nilijifunza kutukana kwa lugha nne. Niliolewa, ndiyo, kama Papa alivyotabiri, na mume wangu ni mtu mzuri, lakini sikuolewa ili Papa awe amesema kweli.

Nilirudi Bugarama sikukuu kwa sikukuu, kwa sababu ya wadogo zangu. Na kila nikirudi niliwaona wawili wale: Papa na kanzu yake, na jirani yetu, mkono begani mwake, wanatembea taratibu kuelekea msikitini, wanazungumza kwa sauti ya chini, wakati mwingine wanacheka. Wanacheka! Watu walisimama kuwatazama. "Ona moyo wa mzee huyu. Binti yake ndiye aliharibu, yeye ndiye analipa." Nilisikia hayo kwa masikio yangu haya, nikiwa nimesimama na mtoto mgongoni.

Mara moja nilimfuata jirani peke yake. Alikuwa amekaa uani kwake, anachambua maharage kwa kuyapapasa. Nikasema, "Ni mimi." Akajua sauti. Akageuza uso pembeni. "Nataka ujue," nikamwambia, "mimi siku ile nilihesabu..." Akanikatiza haraka, akiinua mkono. "Mambo yale yaliisha, dada. Tuyaache." Nikaondoka nimeinama. Nilidhani ananichukia, na nilidhani ana haki, kwa kuwa aliambiwa ni mimi. Miaka yote ile nilichotaka ni kitu kimoja: yule mtu ajue kwamba nilisema sita. Si shefu, si serikali. Yeye tu.

Papa alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Vumbi la mawe, nadhani. Nilishuka kwa basi la asubuhi, nikakuta ameshaoshwa, amevikwa sanda, watu wamejaa uani. Wanaume nje, wanawake ndani. Mimi nilikaa karibu na dirisha, viatu nimeviacha mlangoni na vya wenzangu, Mama kando yangu anashikilia goti langu.

Shehe alisema yanayosemwa. Aliuliza mnamshuhudiaje marehemu, wakajibu wote, "Mtu mwema!" Akauliza tena, wakajibu tena. Kisha akasema, kama inavyosemwa, kwamba mwenye dai juu ya marehemu ajitokeze kwa warithi, na aliyekosewa naye amsamehe kabla hajashuka kaburini.

Jirani yetu akasimama. Alikuwa amezeeka, ndevu nyeupe, miwani nyeusi.

"Mimi," alisema, "kama kuna muntu wa kumudai mzee huyu, ni mimi. Na simdai. Nilipokuwa bado nimelala hospitali, bandeji machoni, alikuja akakaa kitandani kwangu akaniambia yote. Nani alihesabu nini. Hakunificha kitu. Alilia, akaniomba radhi, nikamusamehe. Tangu siku ile alikuwa macho yangu. Mungu amupokee."

Uani wakapumua wote pamoja. "Allahu akbar," mtu akasema, na mwingine akaanza kulia. Moyo ulioje, walisema, moyo ulioje.

Nilikaa nikiyasikia maneno yale. *Bado nimelala hospitali.* Kabla ya kitenge cha Mama. Kabla ya bati la moto. Jirani alijua kabla ya mimi kuitwa mle ofisini, akaniacha niende. Alijua siku nilipomkuta uani na maharage yake. Walivyokuwa wakicheka njiani, walikuwa wanajua wote wawili.

Mama alinikaza goti. Alijua nitasimama. Nikasimama. Nilitoka nje kwa wanaume, pekupeku, jambo ambalo halifanywi, na shehe akashusha macho kwa aibu yangu.

"Mimi namdai," nikasema.

Nikamgeukia jirani. "Ulijua."

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Nilijua."

"Na ukaacha waniite Saba."

"Ningesema, wangemnyang'anya kadi, wangemfunga," alisema, kwa sauti ya chini, si ya ubaya. "Nani angenishika mkono? Weye ulikuwa na macho, dada. Mimi nilikuwa na yeye tu."

Shehe akakohoa. "Binti, unamdai nini marehemu?"

"Namdai neno. Alisema kwamba nilihesabu saba. Nilihesabu sita. Lisemwe hapa, mbele ya hawa wote waliomshuhudia. Halafu mumchukue."

"Deni la marehemu liko kwa warithi," shehe alisema, na akamtazama kaka yangu mkubwa, ambaye kadi ile ilimsomesha mpaka akawa mwalimu. "Sema, basi, yaishe."

Kaka yangu alifungua mdomo. Akatazama dirishani, alipokuwa Mama. Mama alifunika uso kwa khanga. Kaka akatazama jeneza, akatazama watu, kijasho kikamtoka, na neno lile dogo, ambalo mtoto wa chekechea analisema, likamshinda. Kisha mzee mmoja akasema jua linakwenda, na mwingine akasema mambo ya familia yatazungumzwa na familia, na wakainama wakanyanyua jeneza.

Walitoka kwa haraka, kama inavyotakiwa, wakipokezana mabega, na uani pakabaki mikeka na vumbi. Jirani alikuwa bado amesimama palepale. Katika haraka ile kila mtu alidhani mwingine amemshika. Alinyoosha mkono mbele yake, kiganja wazi, kama alivyozoea.

"Nani yuko hapo?" aliuliza. "Kuna muntu?"

Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Nilikitazama kile kiganja. Kisha nikageuka, nikaenda mlangoni kutafuta viatu vyangu.